Mbwa Aliyeitwa Kipaka

Kiembe Samaki, 14 Januari 2025

Dada Thuwaiba,

Shikamoo. Naanza na salamu na habari za nyumbani, maana nikianza na jambo lenyewe utasema Ubwa hakulelewa, kaokotwa. Sisi wazima. Wifi yako Mwanakheir alikuwa na kikohozi, akanywa tangawizi yake, kikohozi kimeondoka, maneno yamebaki. Kijana wetu Kheir kapata kazi ya kufunga mabomba kwenye yale majumba mapya ya Fumba, akirudi jioni anatusimulia vyoo vya watu utadhani katoka Ulaya.

Sasa kitoto chako. Kimefika juzi na boti, ndani ya kikapu, kaja nacho yule mwalimu wa skuli ya mbwa ya Arusha, Mwalimu Perpetua. Ni cheusi chote, masikio yamelala, na miguu mikubwa kama kaazima. Jina ulilompa, Taa, limeshonwa kwenye kikoti chake cha buluu. Mwalimu kanieleza mara mbili, nadhani kauona uso wangu. Mwaka mzima akae na sisi ajue kuishi na watu. Tumtembeze sokoni na vichochoroni, azoee vespa na makelele. Na kila tukimtaka tumwite kwa jina lake, kwa sauti ya furaha. Halafu atarudi Arusha kufunzwa kazi yenyewe ya kumwongoza asiyeona, na akifuzu ni wako.

Mwanakheir kaweka masharti yake. Mbwa atakaa uani kwenye kibanda cha mabati, ndani kwenye mazulia asionekane, na ndoo ya udongo ikae mlangoni kwa anayelambwa. Nilimuuliza imamu wetu, akasema mbwa wa kazi ana ruhusa yake, tujitahirishe tu kama inavyotakiwa. Halafu akacheka peke yake. Sikumuuliza anacheka nini.

Wenyeji hawakumpokea vizuri. Wale paka watatu wa Mwanakheir wamepanda ukutani siku nzima. Jioni mkubwa wao, Kibibi, akashuka, akamtazama mgeni, akamzaba kofi la pua, akaenda zake. Tangu hapo Taa anamfuata nyuma kama mwanafunzi wa chuoni. Kuku ndio anaowaogopa kabisa.

Jana nimemwita uani, "Taa! Taa!" Jirani yetu Ahmada akanijibu kutoka ng'ambo ya ukuta: "Kwangu haujarudi, Ubwa, kwako umerudi?" Kadhani nazungumzia umeme. Basi tukazungumza kidogo.

Ndugu yako,
Ubwa

*

Maskati, 21 Januari 2025

Ubwa,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na simu. Huyu mwanamke aliyemo ndani ya simu si mtu wa kwetu, herufi ya ghaini haijui kabisa, lakini ana sifa moja: hana huruma. Ukweli wako na uongo wako anausoma kwa sauti ile ile, kama taarifa ya habari. Kwa hiyo andika vizuri.

Huku Ridhwan mzima, mkewe Maryam mzima, watoto wanapigana Kiarabu na wanapatana Kiingereza. Mimi nipo. Nimekaa.

Nakukumbusha mambo, maana nakujua. Macho yangu yaliondoka na presha, miguu haikuondoka. Nyumba yangu ya Kajificheni, huko mjini, ipo pale pale, na kila ngazi ya mtaa ule nnaijua kwa kisigino. Ridhwan, mwanangu, ana mapenzi, lakini mapenzi yake ni ya kufungia mlango. Kasema hivi: "Mama, siku utakapokuwa na kitu cha kukuongoza njiani, tiketi ntakukatia mwenyewe. Bila ya hivyo nyumba tumpe yule mtu wa hoteli." Mtu wa hoteli keshakuja mara mbili. Anataka kuweka bwawa la kuogelea juu ya paa. Mimi nimezaa watoto kwenye nyumba ile, yeye atie Wazungu kwenye maji.

Katika ukoo mzima nilioomba, ni wewe peke yako uliyesema "mlete". Wengine walitaja wudhu, walitaja wageni, mmoja alitaja harusi. Wewe ulisema, na nimeyahifadhi: "Dada, mimi simuogopi mtu." Tutaona.

Mfunze adabu na usimfundishe zako. Na huyo Kibibi mpe salamu, ndiye mwenye akili hapo nyumbani.

Thuwaiba

*

Kiembe Samaki, 22 Aprili 2025

Dada yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Ramadhani imetupita vizuri, Idi vile vile. Mwanakheir kapika mkate wa kumimina, mmoja kaula Taa pamoja na karatasi yake. Kheir keshanunua vespa ya mkopo, kwa hiyo sasa tunamwona kwa kelele tu.

Taa kakua. Sasa paka wakimwachia nafasi anakaa nao mstari mmoja mlango wa jikoni, Mwanakheir akipaa samaki. Paka watatu na mbwa mmoja, wote wamekunja mikia, wote wanatazama kisu. Mgeni akiingia anahesabu tena. Siku nyengine nimemkuta anajaribu kujipangusa uso kwa mkono. Kibibi keshamkubali, anamlalia mgongoni saa za jua.

Mjini pia tunakwenda, usiwe na wasiwasi. Ijumaa iliyopita nimempitisha Mchangani, saa saba ya mchana, maduka wazi, watu tele, vespa zinatupitia masikioni, hakushtuka hata kidogo. Nikamwachia kamba ndefu, nikamwita kwa sauti, "Taa!", akaja mbio kuniangalia usoni. Watu wakampigia makofi. Kwa kweli, dada, umepata mbwa.

Ridhwan mwambie aanze kutafuta tiketi.

Ndugu yako,
Ubwa

*

Maskati, 25 Aprili 2025

Ubwa,

Marahaba. Wote wazima huku. Mimi nimekaa.

Nimemwambia mwanamke wa simu anirudilie ule mstari wa Mchangani. Kanirudilia. Nikamwambia tena. Saa saba ya Ijumaa, Mchangani, maduka wazi, watu tele. Mdogo wangu, saa hiyo Mchangani hata paka hayupo, watu wako kwenye khutba na makufuli yako milangoni, tangu sisi hatujazaliwa. Kwa hiyo ama hukuswali, ama hukwenda. Nichagulie wewe ni uongo gani niuvumilie.

Na jambo jengine. Zamani ulikuwa unanitumia sauti yako kila uchao, mpaka nakuomba upumzike. Ukila embe unanitumia sauti. Tangu mbwa afike, unaniandikia barua ndefu zenye tarehe. Mtu ana simu mkononi na anamwandikia barua kipofu! Kaa ulifikirie hilo taratibu. Mimi nimelifikiria: unajua kwamba nikikusikia ntajua. Wewe ukitaka kudanganya unatia "kwa kweli" mbele na sauti inapanda kama ya muadhini mgeni. Kwenye barua nimeiona "kwa kweli". Sauti nimejitilia mwenyewe.

Nataka kujua mambo mawili tu. Mbwa anatembea mjini? Mbwa akiitwa anakuja? Usinijibu habari za mkate wa kumimina.

Thuwaiba

*

Kiembe Samaki, 12 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Sikukuu kubwa imepita salama. Sikujibu mapema kwa sababu ya shughuli.

Haya. Mchangani sikwenda. Nnampeleka Fumba, asubuhi mapema, pamoja na Kheir akienda kazini, kwa gari ya rafiki yake, maana mbwa hapandi vespa. Zile njia mpya hazina watu bado, ni mchanga, nguzo na walinzi waliolala. Pale anatembea vizuri sana, anasimama penye ukingo, anangoja. Mjini ntampeleka. Watu wana maneno, dada, na wewe huko huwasikii.

Akiitwa anakuja. Hilo nakuapia, akiitwa anakuja mbio.

Mwalimu Perpetua anakuja mwezi ujao kumjaribu mjini. Nisamehe kwa lile la Mchangani. Mwanakheir anakusalimu, kanuna kidogo lakini si kwa ajili yako.

Ubwa

*

Maskati, 30 Julai 2025

Ubwa,

La Mchangani nilikuwa nshakusamehe bila kukwambia.

Mwalimu Perpetua kanipigia. Kasema Taa ni mbwa mpole, mwenye nguvu, hana woga. Lakini mjini anageukageuka, jina lake haliitikii, na pale Darajani kamvuta mwalimu mbele ya vespa. Wamempeleka kwa daktari wa mifugo, masikio mazima. Kwa hiyo wameandika kuwa ni mkaidi, na mkaidi hafunzwi kuongoza watu. Watamtoa. Kasema pia kwamba ni wewe uliyesema huenda hasikii.

Ridhwan kamwita mtu wa hoteli. Anakuja Alhamisi ya wiki ijayo na karatasi zake, nami ntatia kidole.

Si kosa lako, mbwa ni mnyama. Mtafutie mtu mwema wa kumlea. Usijisumbue kujibu.

Thuwaiba

*

Kiembe Samaki, 1 Agosti 2025

Dada yangu Thuwaiba,

Shikamoo. Leo habari za nyumbani sina, maana Mwanakheir hasemi na mimi na ana haki.

Usitie kidole. Mbwa si mkaidi wala si kiziwi. Kosa ni langu, na umeniandikia "si kosa lako", tangu jana nnalisoma neno hilo.

Unakumbuka nilikwambia nilimwita uani na Ahmada akadhani umeme umerudi, kisha nikaandika "tukazungumza kidogo"? Tulivyozungumza ni hivi. Akauliza, "Kama si umeme, Taa ndiye nani?" Nikamwambia ni mbwa. Kisha nikamsikia anacheka mpaka kagonga kichwa kwenye tangi lake la maji. "Ubwa kafuga mbwa! Lahaula! Ubwa na mbwa!" Kesho yake nikipita barazani pale kwa kinyozi, wamekaa watu wazima, wengine wana wajukuu, mmoja akabweka. Mtu mzima, dada, na kofia yake kichwani. Jioni watoto wa mtaa wakaunda wimbo: "Ubwa kamzaa mbwa, mbwa kamwita baba." Wewe unajua jina hili lilivyonitesa skuli. Nilidhani limekwisha, kumbe lilikuwa linanisubiri.

Basi nikaona nisimwite. Nikitaka aje, nikiwa uani au nikiwa njiani naye, nnafanya "ps-ps-ps", kama nnavyowaita paka. Anayesikia nje ya ukuta atasema Ubwa analisha paka wa mkewe, hakuna kichekesho. Paka wanakuja, na Taa anakuja nyuma ya Kibibi, wote wanapata vichwa vya samaki. Ndiyo maana nilikuapia kuwa akiitwa anakuja mbio. Anakuja. Sikukwambia anaitwaje tu.

Jina lake, dada, sikulitamka tangu Januari mpaka siku ya Darajani. Mwanakheir alinambia mapema, "Mbwa huyu hajui kama ana jina." Nikamwambia awache mambo ya kitaalamu. Mimi, mtu wa darasa la kumi na mbili na cheti cha ufundi wa friji, nikamwambia hivyo.

Sasa sikiliza Darajani. Mwalimu Perpetua kashika kamba, mimi nyuma. Mwanzo tulikwenda vizuri, hata watu wakawa wanatupisha njia. Nawe unajua Darajani. Pale nani anamwita mwenzake kwa jina? Muuza kahawa kamwona rafiki yake ng'ambo ya barabara, kafanya "Psss! We!" Taa kageuka. Muuza vocha kafanya "pss" kumwita mteja. Taa kageuka upande wa pili. Mjini kwetu kila mtu anamwita mwenziwe kama paka, na mimi sikuwahi kulisikia hilo maisha yangu yote mpaka siku ile. Halafu kijana mmoja kwenye meza ya samaki akaivuta ndefu, "Pssssss!", na harufu ya samaki juu yake. Taa akaruka njiani, mwalimu nyuma yake, na vespa inakuja. Mwenye vespa kageuza, kapiga gari la kusukuma la hamali, mbatata zimemwagika barabara nzima. Mwalimu kasimama na goti linatoka damu. Na mimi, wallahi, sikumwona mwalimu pale. Nilikuona wewe.

Akaniuliza, "Nyumbani mnamwitaje?" Nikasema, "Kwa jina lake, mwalimu." Akamwita mwenyewe, "Taa! Taa!" Mbwa kamtazama kama mtu anayesubiri daladala jengine. Mwalimu akaniangalia tena. Ndipo nikasema lile la masikio. Nimemsingizia mbwa ukiziwi ili mimi nisichekwe na kinyozi.

Tulipofika nyumbani nikakaa uani. Taa akaja, akaniwekea kichwa gotini, hana habari kama nimemvunjia kazi. Nikasema polepole, "Taa." Hakuinua hata sikio. Nikajua basi.

Sitaki unisamehe. Nataka usitie kidole.

Ubwa

*

Maskati, 3 Agosti 2025

Ubwa,

Nimemwambia mwanamke wa simu asome mara moja tu. Mara moja imetosha. Kwenye "ps-ps-ps" kakwama, akasema "pi esi, pi esi", Maryam akaingia chumbani kuangalia nacheka au nalia. Nikamwambia sijajua bado.

Unasema nnajua jina lilivyokutesa skuli. Nnajua! Waliokuwa wakikubwekea nani alikuwa akiwapiga? Mimi, na mkoba wa vitabu, mpaka mwalimu mkuu akamwita mama. Kwa ajili yako nilipigana na wavulana. Na wewe kwa ajili yangu umeshindwa kupigana na kinyozi.

Sikutaka kukwambia ninavyoishi, kwa sababu ungenihurumia, na huruma yako ni kama chai yako, tamu na haina majani. Lakini sasa sikiliza. Ridhwan kanifungia kamba kutoka kitandani mpaka chooni, ya rangi nzuri, wananambia. Nyengine inakwenda jikoni, lakini jikoni pana kufuli kwa sababu ya gesi. Mtoto wangu mwema kanifunga kamba, na sina la kumlaumu, kwa sababu kila akiniuliza nani ataniongoza nnamtaja mbwa wako. Mbwa wako ana ua, ana paka, ana jua. Na jina lake halijui. Mimi langu nnalijua, ila huku hakuna anayeniita, wote "Mama" na "Bibi".

Mtu wa hoteli nimemwambia asubiri. Usijipe sifa, si kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya Taa, ambaye katika ukoo wetu ndiye peke yake aliyefanya kila alichoambiwa.

Sasa utampigia Mwalimu Perpetua. Usimwandikie. Utampigia, na utamwambia kwa mdomo wako ulivyofanya, mpaka mwisho, pamoja na masikio. Halafu utafanya atakachokwambia, mbele za watu. Wakibweka, nawe wajibu, una mdomo.

Mwanakheir mwambie kazi ya kununa anaifanya vizuri, aendelee.

Thuwaiba

*

Kiembe Samaki, 21 Septemba 2025

Dada Thuwaiba,

Shikamoo. Mwanakheir kaanza kusema na mimi, mwanzo kwa kupitia Kheir, sasa moja kwa moja. Kibibi kazaa, kazalia ndani ya kibanda cha Taa, na Taa analala nje.

Nilimpigia mwalimu siku ile ile. Nikamwambia yote. Kacheka kicheko cha mtu aliyechoka, kisha akasema, "Mzee Ubwa, nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimeona mbwa aliyepigwa, nimeona mbwa aliyeachwa na njaa. Mbwa aliyefanywa paka kwa aibu, huyu wa kwanza." Nikamwambia nashukuru. Sijui kwa nini nilishukuru.

Kanifundisha hivi: ps-ps isimletee kitu tena, hata kichwa cha dagaa. Jina limletee kila kitu. Na ili azoee, watu wengi wamfanyie "pss" kila upande, na mimi nimwite kwa jina lake katikati ya makelele hayo, akija kwangu ale, akiwafuata wao asipate. Watu wengi, akasema. Nikaona mlango mmoja tu.

Nikaenda barazani kwa kinyozi na kamba ya mbwa mkononi, baada ya alasiri, wote wapo. Nikasema, "Jamani, nimekuja kuomba mnizomee."

Ahmada akasema, "Mbona hiyo tulikuwa tukikufanyia bure?"

"Mlikuwa mkibweka. Nataka mfanye 'pss', na nataka mfanye kila siku."

"Na sisi tutapata nini?"

"Mtanicheka. Mnataka nini zaidi?"

Wakatazamana. Nikawaeleza ni kwa ajili yako, na nyumba ya Kajificheni, na kamba ya chooni. Nisamehe, nimewaambia ya kamba. Mzee mmoja, yule aliyebweka na kofia yake, akashusha kikombe, akasema, "Bi Thuwaiba, binti wa marehemu Kombo? Aliyenipiga na mkoba wa vitabu?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Basi tuanze, asije akarudi akatukuta hatujaanza."

Dada, hujasikia kitu. Kila alasiri baraza zima linafanya "psss", na kinyozi, na mteja mwenye sabuni usoni, na watoto wa wimbo ule. Mimi nnasimama kati nnapiga kelele: "Taa! Taa! Njoo Taa!" Daladala zinapunguza mwendo. Mwanamke mmoja kanipa pole. Siku ya kwanza Taa alikwenda kwa kila mtu kama mgombea kura. Wiki nzima hivyo, sauti ikanikauka. Kisha siku moja wote wakavuta "pssss" kwa pamoja, nikamwita, akasimama kati. Akawatazama wao. Akanitazama mimi. Akaja. Ahmada ndiye aliyepiga kelele zaidi yangu, kisha akasema alikuwa anakohoa.

Wiki iliyopita mwalimu karudi. Tumekwenda Darajani, saa ya watu, si Ijumaa. Niliomba nishike kamba mimi. Pale kwenye meza za samaki kijana akafanya "Pssss!" Sikio la Taa liligeuka. Yeye hakugeuka. Tukavuka.

Mwalimu kafuta lile neno mkaidi. Atamchukua Januari kwa mafunzo. Nilimtaka aniahidi kuwa atafuzu, akakataa. Kasema kufuzu kwake kutachukua miezi, na huenda asifuzu kwa sababu nyengine kabisa, na huenda tabia hii ikarudi siku moja. Nakuandikia hivyo hivyo alivyosema. Sina tiketi ya kukwambia Ridhwan aitafute.

Ubwa

*

Maskati, 2 Oktoba 2025

Ubwa,

Marahaba. Hii ndiyo barua yako ya kwanza ambayo mwanamke wa simu kaisoma na sikumwambia arudilie.

Ile ya kamba usiombe samahani. Ila mzee wa kofia mwambie mkoba bado ninao.

Nimekaa na Ridhwan. Nimemwambia: mbwa hajafuzu, huenda asifuzu, na mimi narudi. Akasema, "Mama, nani atakuongoza?" Nikamwambia, "Mpaka mbwa awe tayari, mjomba wako." Akacheka. Nikamwacha acheke mpaka akamaliza, kisha nikamwambia aliyesimama barazani kwa kinyozi akijiombea kuzomewa, njia ya kwenda sokoni haitomshinda. Mtu wa hoteli keshaambiwa atafute paa jengine.

Kwa hiyo utakuja kila siku Kajificheni, asubuhi na alasiri, na Taa. Utanipa mkono, na yeye atatembea pembeni ajifunze mguu wangu. Ukinipitisha kwenye maji machafu ntajua. Ukinipitisha njia ndefu kwa kuwa barazani pamejaa watu, ntajua pia.

Ndege inatua Jumamosi ijayo, saa nne za asubuhi. Ridhwan anataka nipokewe na kiti cha magurudumu, nimekataa. Ntatoka kwa miguu mpaka nje ya mlango, nitasimama na begi langu, na sitosogea mpaka nikusikie. Nyinyi msinikaribie. Rudi nyuma mpaka kule kwenye madereva wa teksi, muachie kamba ndefu, umwite. Kwa jina lake, kwa sauti yako, uwanja mzima usikie.

Mimi nitaifuata sauti.

Thuwaiba